Ganda Si Risasi, Waandishi Wenzangu!

Nimekuwa kimya hapa karibu wiki tatu. Wengine mmeniuliza kama naumwa, mmoja akauliza kama nimeoa. Hapana jamani. Nilikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu haandiki. Leo nimeamua kuitoa. Kama wewe ni mwandishi wa habari kama mimi, kaa vizuri, maana hii inakuhusu hata kama hutaki.

Stori yenyewe ni hii. Siku moja tuliitwa kwenye ofisi moja ya polisi (mkoa siutaji) kuonyeshwa "mafanikio ya msako". Juu ya meza kulikuwa na kiroba. Kikamwagwa. Vikadondoka vitu vya njano vinavyong'aa, vinagongana kama sarafu. Ofisa mmoja akasema: "Risasi mia mbili na kumi na nne." Sisi tukaandika mia mbili na kumi na nne. Tukapiga picha, tukapewa soda, tukaondoka. Kesho yake gazeti letu likabeba kichwa cha habari kikubwa: ANASWA NA SHEHENA YA RISASI. Jina langu lilikuwa chini yake. Mama alikata ukurasa ule akauweka kwenye Biblia yake.

Hazikuwa risasi. Yalikuwa maganda. Matupu. Mdomo wa kila moja ulikuwa wazi, ungeweza kuchungulia ndani ukaona giza. Chini, kwenye kitako, kila moja lilikuwa na kidonda kidogo katikati, alama kwamba pini ya bunduki ilishaligonga na kazi yake ilishakwisha. Yote hayo yalikuwa mbele ya macho yangu, kwenye meza, mchana kweupe. Na mimi nina digrii.

Mwenye kiroba alikuwa mzee anayetengeneza bangili, pete na vishikio vya funguo kwa shaba. Alinunua brasi kwa kilo kwa muuza vyuma chakavu, kama anavyonunua mabomba mabovu na koki zilizovunjika. Alikaa ndani wiki tatu. Alipotoka bila kufikishwa mahakamani, mwenye nyumba alishamtolea vitu nje, kwa sababu nani anampangisha jambazi mwenye shehena ya risasi? Gazeti letu halikuandika kwamba ametoka. Nilipouliza kwenye chumba cha habari niliambiwa, "Hiyo si stori tena."

Nilimfuata. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia, jambo ambalo mimi nisingelifanya kwenye nafasi yake. Hakupiga kelele. Aliniomba kalamu yangu. Akachomoa kifuniko, akakiweka kiganjani, kalamu yenyewe akairudisha mfukoni mwangu. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, mimi nina kalamu?"

Nikasema hapana.

"Basi andika hivyo."

Sijaandika mpaka leo. Ndiyo aibu niliyowaambia.

NILICHOKWENDA KUSOMA

Kwa hasira niliamua kwamba sitaandika tena neno risasi kabla sijajua risasi ni nini. Nikasoma usiku, na katika kusoma nikakutana na watu wa ajabu kidogo: Wamarekani ambao kazi yao ya jioni, wakitoka ofisini, ni kuyakata na kuyafinyanga upya maganda ya risasi kwenye karakana za nyumbani. Wanatengeneza risasi ambazo hakuna kiwanda kinachozitengeneza. Risasi za namna hiyo wanaziita kwa jina la mnyama, paka-pori. Yaani hazina ukoo rasmi, hazijasajiliwa kokote.

Usikimbie msomaji, sikupeleki kwenye ushabiki wa bunduki. Nakupeleka mahali watu wanapolijua GANDA.

Anza na risasi nzima. Ina sehemu nne. Kuna kichwa, kile kipande kinachoruka na kuua. Kuna baruti. Kuna fataki, kidude kidogo kinachowasha baruti kikigongwa (simzungumzii yule fataki wa matangazo ya redio anayefukuzia wanafunzi). Halafu kuna ganda, chombo kinachowashika wenzake watatu pamoja. Ganda kwa kawaida ni brasi, shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Bunduki ikilia, kichwa kinaondoka, baruti inaungua, fataki inakufa. Ganda linabaki. Na linabaki zima, ndiyo maana huyo Mmarekani anaweza kuliokota na kulifanyia kazi tena.

Anafanyaje? Chukua mfano mmoja unaojulikana sana. Ganda la risasi ya kijeshi ya 5.56 lina urefu wa milimita 44.7. Ukilifupisha chini ya bega lake, shingo yote inaondoka, na kilichokuwa mwili kinasukumwa ndani ya kalibu ya chuma kigumu mpaka kinakuwa bega jipya na shingo mpya. Urefu mpya: milimita 34.75. Karibu sentimita moja imekwenda. Lile ganda lililokuwa likibeba kichwa chembamba sasa linabeba kichwa cha milimita 7.8. Risasi ya umbo hilo ilianza kama paka-pori mikononi mwa J. D. Jones, mtu wa Ohio. Mwaka 2011 ndugu yake wa karibu, .300 Blackout, akapata usajili rasmi na viwanda vikaanza kumtengeneza.

Inaonekana rahisi ukiisoma hivi. Si rahisi. Ukuta wa ganda si sawa kila mahali, ni mwembamba juu na mnene chini. Ukilikata, ule unene wa chini ndio unaogeuka shingo, na shingo nene kupita kiasi haikiachii kichwa kitoke. Ganda likizidi urefu, mdomo wake unabanwa mwisho wa chemba, nalo halikiachii. Kisichoachiwa kinapandisha presha, na presha hapa si mchezo. Risasi ya .308 inaruhusiwa kufika pauni 62,000 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari dogo ni kama 30. Piga hesabu mwenyewe, halafu kumbuka kwamba shavu la mpigaji liko pale pale, sentimita chache kutoka kwenye kitu hicho.

Kuna moto pia. Brasi ikifinyangwa inakuwa ngumu, ikiwa ngumu inapasuka, kwa hiyo shingo inapitishwa kwenye moto ilainike. Lakini moto ule ukishuka mpaka kwenye kitako umeharibu kila kitu, kwa sababu kitako ndicho kinachozuia presha isirudi nyuma usoni. Shingo iwe laini, kitako kibaki kigumu, na vyote viwili viko kwenye kipande kimoja cha brasi kisichozidi urefu wa kidole.

Sasa niambie. Mtu anayeishi kwa milimita na sehemu za milimita, ukimwambia "ganda, risasi, yote ni yale yale", atakuchukuliaje? Atakuhurumia. Au atakufukuza karakanani kabla hujamuua.

PAKA HAWA WANA HISTORIA

Mtaniambia hayo ni ya Wazungu wenye muda. Haya, subirini.

Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ilitoa risasi ya .458 kwa ajili ya wanyama wakubwa wa Afrika. Ilikuwa na ganda fupi, inchi 2.5, ili iingie kwenye bunduki za bei ya kawaida. Kwenye karatasi ilipendeza. Porini ikaleta lawama. Nafasi ndani ya ganda ilikuwa ndogo, baruti ikabanwa mno, na ikikaa muda mrefu ilishikana na kuungua vibaya. Sasa jiweke mbele ya nyati na risasi iliyoungua vibaya.

Mwaka 1959 huko Msumbiji, mwindaji Mmarekani aitwaye Jack Lott aliumizwa na nyati. Alipona, akaenda kukaa na tatizo lile. Mwaka 1971 akaja na jibu. Alichukua ganda refu la .375 H&H, risasi ya Waingereza ya mwaka 1912, akaupanua mdomo wake na kulifupisha kutoka inchi 2.85 mpaka 2.8. Milimita moja na ushee! Likazaliwa .458 Lott. Lilikuwa paka-pori kwa miaka mingi kabla viwanda havijalikubali. Leo wawindaji wa kulipwa wanalibeba kwenye mapori ya kusini mwa Afrika na hapa kwetu pia, na wale wabeba mizigo na wafuatilia nyayo, vijana wa Kitanzania wanaotembea mbele ya bunduki hiyo, maisha yao yanategemea ganda lililofikiriwa upya na mtu aliyetupwa na nyati.

Mfano mwingine. Risasi ya 7.62 kwa 39, ile ya AK, Warusi waliibuni mwaka 1943. Hiyo mnaifahamu, imeua watu wengi kuanzia Kivu mpaka Karamoja. Warusi wenyewe wakalibana ganda lake wakapata risasi nyembamba ya kulengea shabaha. Mwaka 1975 daktari mmoja Mmarekani, Lou Palmisano, na fundi vyuma Ferris Pindell wakalichukua hilo ganda jembamba, wakalirekebisha, wakapata 6mm PPC. Kwa miongo kadhaa ndilo limetawala mashindano ya kulenga kutoka kwenye benchi, ambako risasi tano kwa yadi 100 zinaweza kuingia kama kwenye tundu moja. Mjukuu wa risasi ya AK! Babu anasifika kwa kumwaga ovyo, mjukuu anasifika kwa kutokosa. Kilichobadilika ni umbo la ganda na uangalifu wa mikono iliyolishika.

Na P. O. Ackley, fundi bunduki aliyefariki 1989, alitumia maisha yake kuyapanua maganda ya watu wengine. Alikuwa na tabia ninayoipenda: alizijaza bunduki kwa makusudi mpaka zipasuke, ili ajue ipi ni imara na ipi ni sifa za mdomo tu. Nani kwetu anaipasua habari yake kwa makusudi kabla ya kuichapa, ajue kama inashika?

KITAKO KINADANGANYA

Hapa ndipo nawataka hasa ndugu zangu wa kalamu.

Kwenye kitako cha ganda kuna maandishi: kiwanda, pengine mwaka, pengine aina ya risasi. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia silaha Kongo wanayasoma maandishi hayo kujua mzigo umetoka wapi. Sisi pia siku hizi tumeanza ujanja huo. Mwandishi anapiga picha kitako, anaingia mtandaoni, anarudi na "uchunguzi wetu umebaini".

Lakini ganda lililofinyangwa upya linabeba maandishi ya maisha yake ya kwanza. Limeandikwa 5.56, na si 5.56 tena. Limeandikwa mwaka fulani, nalo limeshapigwa mara tano tangu mwaka huo. Wapigaji wa .300 Blackout wanaliogopa sana hili. Risasi yao inakaa kwenye magazini ile ile ya 5.56, na baadhi ya vichwa vinakubali kuingia kwenye chemba ya 5.56. Ukifyatua, kichwa cha milimita 7.8 kinajaribu kupita kwenye mtutu wa milimita 5.6. Hakipiti. Bunduki inapasuka mikononi mwako. Bunduki zimepasuka hivyo kweli, na wenyewe wanapaka rangi magazini zao au wanaziandika ili wasichanganye.

Ona basi: mtu aliyelikata ganda lile kwa mkono wake mwenyewe haamini maandishi ya kitako. Analipima. Wewe uliyeliona kwa dakika mbili kwenye meza ya polisi unayaamini, tena bila hata kuyasoma, kwa sababu ofisa kasema!

SI KWAMBA NATETEA BUNDUKI

Najua barua pepe zinazokuja, kwa hiyo nizijibu mapema.

Sisemi tuwe Marekani. Nchi hiyo ilipoteza watu zaidi ya 48,000 kwa bunduki mwaka 2021 peke yake, ukijumlisha waliojiua na waliouawa, na sitaki hata chembe ya hesabu hiyo hapa. Hapa kwetu kutengeneza risasi nyumbani bila leseni ni kosa la jinai, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina utani, na mimi naiunga mkono. Ukiona kijana mtaani anapika risasi, usimwandikie makala, katoe taarifa.

Tena niwe mkweli zaidi, maana kuna kitu kinachodhoofisha hoja yangu na sitaki kukificha chini ya mkeka. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha inaposema risasi, inahesabu risasi nzima na pia sehemu zake: ganda, fataki, baruti, kichwa, ilimradi nchi husika imeziwekea sharti la kibali sehemu hizo. Kwa hiyo mwanasheria anaweza kusimama akasema hata ganda tupu linaweza kuwa "risasi" mbele ya sheria ya nchi fulani. Sawa. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuandika neno sahihi! Kama kosa linategemea kujua ni kitu gani hasa kilichokutwa, na kama kina kibali, basi mwandishi aliyeandika "risasi" badala ya "maganda matupu" ameshamhukumu mtu kabla hakimu hajavaa miwani. Kuamua kama kiroba kile kilikuwa kosa ilikuwa kazi ya sheria. Kazi yangu ilikuwa kusema ndani ya kiroba kuna nini. Nilishindwa kazi ya kwanza kabisa, ile ya KUONA.

LUGHA TUNAYO, UVIVU NDIO TUNAO

Kuna wanaosema Kiswahili ni maskini kwa mambo haya. Uongo mtupu. Ganda tunalo. Baruti tunayo. Fataki tunayo, wazee wa magobore wanaitumia tangu zamani. Mtutu, kitako, chemba, kichwa cha risasi, vyote vipo. Tatizo ni kwamba tumelibebesha neno moja mizigo yote. Risasi ni madini yale laini mazito. Risasi ni kile kichwa kilichotolewa mwilini hospitali. Risasi ni kitu kizima kabla hakijapigwa. Na sasa risasi ni ganda lililookotwa. Neno moja, maana nne, na mtu wa nne anapoteza nyumba.

Au chukua "SMG". Kila AK kwenye magazeti yetu ni SMG. Ukienda kwenye vitabu vya Ulaya, SMG ni bunduki ndogo inayopiga risasi za bastola, na AK si hiyo. Nilikuwa tayari kucheka, mpaka nikakuta kwamba Wachina, walipotengeneza AK yao mwaka 1956, waliiita rasmi kwa jina la namna hiyo. Kumbe jina lina babu yake, na askari wetu hawakulitoa hewani. Nilijifunza mawili. La kwanza, usimcheke mtu kabla hujasoma. La pili, hata neno likiwa na historia, msomaji bado anastahili kuambiwa ni bunduki gani.

Visingizio navijua, nimevitumia vyote. "Msomaji hajali." Msomaji hajali mpaka siku kiroba kinapokuwa cha baba yake. "Muda wa kufunga ukurasa ulikuwa umefika." Kuokota ganda moja na kulichungulia kunachukua sekunde nne. "Polisi ndio waliosema." Basi andika kwamba polisi WALISEMA, halafu ongeza ulichokiona kwa macho yako. Kama hukuona kitu, ulikwenda kufanya nini? Soda?

HAYA YANAUA

Wengine mtaona napigia kelele jambo dogo. Hebu turudi nyuma.

Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka Mbagala. Februari 2011 yakalipuka ya Gongo la Mboto. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka watu wazima wakiambiwa wasiguse vyuma walivyovikuta uani na barabarani. Siku kama zile, tofauti kati ya ganda tupu na kitu ambacho hakijalipuka ni tofauti ya mtoto mwenye mikono na mtoto asiye nayo. Nani anatakiwa kuifundisha jamii tofauti hiyo? Gazeti ambalo lenyewe haliijui?

Septemba 2, 2012, kule Nyololo, Iringa, mwenzetu Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kazini. Kabla vumbi halijatulia yalianza maneno kwamba huenda ni kitu kilichorushwa na waandamanaji. Picha ndizo zilizokataa. Kilikuwa bomu la machozi, lililopigwa kutoka karibu kabisa, na mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Waandishi wa siku ile walijua wanaangalia nini. Wangekuwa watu wa kuandika "kitu kizito" kwa sababu wamesomewa hivyo, tungekuwa bado tunabishana leo.

Februari 2018 Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa chuo cha usafirishaji, aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala Kinondoni. Binti hakuwa kwenye maandamano, alikuwa safarini kama wewe unavyosafiri. Baadaye tukaambiwa hakuna ushahidi wa kutosha wa nani alipiga. Ganda likitoka kwenye bunduki linabeba mkwaruzo wa pini na wa ndoana iliyolitoa, na kichwa kinabeba mistari ya mtutu uliokipitisha. Ndiyo maana ganda tupu ni shahidi, na shahidi yeyote ana maswali ya kuulizwa. Yameokotwa mangapi? Na nani? Yamelinganishwa na bunduki zipi? Maswali hayo hayaulizwi na mtu asiyejua kwamba ganda lina alama. Anaandika "risasi ya moto" na kurudi ofisini. Wenye majibu wanampenda sana mwandishi wa aina hiyo.

Ujinga wetu una faida kwa watu. Mnyonge mwenye kiroba cha maganda unamfanya jambazi, na mwenye bunduki aliyeacha ganda lake barabarani unamfanya asijulikane. Neno lile lile linamwonea mmoja na kumficha mwingine.

NINACHOTAKA

Sitaki semina yenye posho na kofia. Nataka vitu vitatu vya bei rahisi.

Kwanza, kila chumba cha habari kiwe na karatasi moja ukutani yenye mchoro wa risasi iliyokatwa katikati, na majina manne: kichwa, baruti, fataki, ganda. Nimeshachora ya kwangu. Imekaa juu ya meza yangu, na wenzangu wananicheka.

Pili, kwenye meza ya polisi tuulize maswali matatu kabla ya picha. Ni nzima au ni maganda? Ni za bunduki gani, na nani amepima? Mtuhumiwa anasema nini? Mkikataliwa kujibiwa, andikeni kwamba mmekataliwa.

Tatu, tuliyemwandika amekamatwa, tumwandike ametoka. Ukurasa ule ule, herufi zile zile. Hili si la kiufundi, ni la utu tu.

Mhariri wangu atasoma hapa, najua, na pengine Jumatatu nitaitwa. Sawa. Yule mtu wa Ohio alikata ganda lake kwa uangalifu kwa sababu alijua akikosea litampasukia yeye mwenyewe usoni. Sisi ya kwetu yanapasukia usoni kwa watu wengine, ndiyo maana tunalala usingizi.

Kwa hiyo naandika sasa, kwa kuchelewa, habari niliyotakiwa kuiandika siku ile: Mzee mmoja, fundi wa bangili, alikutwa na maganda 214 matupu ya shaba aliyoyanunua kama chuma chakavu. Yote yalikuwa yameshatumika. Hakuwa na bunduki, hakuwa na baruti, hakuwa na risasi hata moja. Aliachiwa bila mashtaka.

Mzee wangu, najua husomi mtandaoni. Jumamosi nakuletea hii imechapwa kwenye karatasi. Na ile kalamu nimeitunza bila kifuniko. Kifuniko kilibaki kwako, sikukidai.